Alikimbia Vitani

Jumapili, baada ya chai ya asubuhi

Dada yangu mpenzi,

Kwanza magoti. Kabla sijasema neno jingine lolote nataka kujua magoti yako yanaendeleaje, hasa lile la kushoto, ambalo ulisema limeanza kutabiri mvua vizuri kuliko redio. Shemeji naye vipi, bado ana kesi na kuku wa jirani? Na wapwa zangu wazima wote? Sisi huku tu wazima. Wifi yako anakusalimu sana. Anasema kikohozi chake kimekwisha lakini mume wake bado yupo, na kama angeulizwa, angepanga kinyume. Mimi mwenyewe ni mzima kupita kiasi. Presha imeshuka mpaka daktari akaniuliza nimeanza dawa gani mpya. Nikamwambia sijaanza dawa, nimeshinda.

Ndiyo, dada, tumeshinda. Vuta kiti ukae. Usisome barua hii umesimama jikoni, kwa sababu najua utapiga kelele na najua utaunguza kitu. Nitaanza mwanzo kabisa, hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa kuwa nataka ukimaliza uwape wapwa zangu waisome. Wao hawakuwapo, na mambo ya ukoo wetu wameyasikia vipande vipande, tena kwa watu wasiofaa.

Wajue basi kwamba baba wa babu yetu aliitwa Mkimbia. Hakuzaliwa nalo jina hilo, alilipata jeshini, na ndilo lililotufuata sisi mpaka kwenye vyeti vya shule. Alikuwa na wake wawili. Wazao wa mke wa kwanza wanajiita Nyumba Kubwa. Mke wa pili ndiye aliyemzaa babu yetu, na sisi wazao wake tukaitwa Nyumba Ndogo, na unajua maneno hayo mawili yana maana gani yakitoka kwenye mdomo wa mtu mwenye nia mbaya.

Hadithi ya Nyumba Kubwa ilikuwa hii: kwamba siku mji ulipopigwa mizinga, Mkimbia alitupa bunduki akatimua mbio, akajificha kwa mwanamke, na mwanamke huyo ndiye bibi yetu, mama wa babu. Kwa hiyo watoto waliozaliwa kabla ya siku ile ni damu ya askari, na waliozaliwa baada ya siku ile ni damu ya mtoro. Mimi nimesoma vitabu vingi, vingine vya kipumbavu kwa makusudi ili nipate cha kugombana nacho gazetini, lakini sijakutana na nadharia ya urithi inayosema kwamba woga ni kama surua, kwamba mtu huupata siku moja asubuhi na kuanzia hapo humwambukiza kila anayemzaa. Tena wakaongeza kwamba mtoro hawezi kupewa ruhusa ya kuoa, kwa hiyo bibi yetu hakuolewa. Aliokotwa. Neno hilo, aliokotwa, nimelisikia kwa masikio yangu nikiwa na miaka tisa, likisemwa na mtu mzima huku anatafuna.

Benchi huna haja ya kukumbushwa, lakini wapwa zangu wanahitaji. Katika mkutano wa ukoo viti vilipangwa kwa Nyumba Kubwa, na baba yetu, mtu mzima mwenye wajukuu, akaonyeshwa benchi lililokuwa nyuma ya mlango. Kila aliyechelewa akifungua mlango, mlango ulimgonga baba goti. Ulimgonga mara saba, nilihesabu. Mara ya saba mama yenu, wapwa zangu, alisimama, akamshika baba mkono, akawaambia wale watu kwamba hatakanyaga tena mkutano wao mpaka siku baba yake atakapowekewa kiti mbele. Baba alikufa miaka kumi na moja baadaye bila kiti. Mama yenu hajakanyaga mpaka leo, na hii ni miaka thelathini na miwili.

Sasa nije kwenye habari zenyewe.

Mwaka jana mwezi wa tatu alinijia binamu yetu Spika. Wapwa zangu wasidhani aliwahi kuwa bungeni. Ameitwa hivyo kwa sababu tangu utoto hajui kusema jambo kwa sauti ambayo haifiki barabara ya pili. Yeye ndiye mwenyekiti wa ukoo, na alikuwa ameandika kitabu cha ukoo, kurasa mia mbili na kumi, na kwa kuwa mimi kazi yangu ni kusahihisha gazeti, akaona nimsahihishie na yeye. Akaniwekea muswada mezani, akaniambia kwamba mimi Koma, kama ninavyoitwa tangu utoto, nishughulike na nukta na mikato yangu, historia niwaachie wenyewe.

Nilifungua moja kwa moja kwenye mti wa ukoo. Ulikuwa umechorwa vizuri, sitamnyima hilo. Nyumba Kubwa ilijaza kurasa mbili kwa herufi nzito, kila mtoto na tawi lake. Chini kabisa palikuwa na mstari, na chini ya mstari kichwa cha habari cha neno moja: Wengineo. Ndipo tulipokuwa, dada. Babu, baba, mimi, wewe, na wapwa zangu wote, bila matawi, tumepangwa kwa alfabeti kama vifaa vya stoo.

Nikarudi ukurasa wa kumi na nne, nikakuta ameandika kwamba Mkimbia "alitoroka vita". Nikamuuliza amelitoa wapi. Akasema limeandikwa na mtoto wa kwanza wa Mkimbia mwenyewe, katika daftari ambalo Nyumba Kubwa wamelitunza miaka yote. Nikamwambia sisahihishi neno ambalo sijaliona asili yake. Wiki iliyofuata akaniletea nakala, akaitupa mezani kama mtu anayetupa karata ya mwisho. Sentensi zilikuwa mbili tu: "Siku ya mizinga baba alikimbia vitani. Alirudi na mke wa pili."

Dada, nilizisoma mara moja, nikavua miwani, nikaifuta, nikazisoma tena. Halafu nikaanza kucheka, mpaka wifi yako akaja kuona nimepatwa na nini.

Alikimbia vitani! Ukoo mzima, pamoja na walimu wawili na hakimu mmoja, umekaa zaidi ya miaka mia ukila na kunywa juu ya neno hilo, na hakuna aliyeuliza linasema nini. Mtu akisema ametoka sokoni, soko ni mahali alipotoka. Akisema anakwenda sokoni, soko ni mahali anapokwenda. Akisema aliteleza sokoni, yumo humohumo sokoni, matope mpaka magotini. Ile -ni ya mwisho haina upande, ni kama mlango: haisemi mtu anaingia au anatoka. Aliyekimbia vitani huenda aliikimbia vita, huenda aliikimbilia vita, na huenda alikuwa ndani ya vita akikimbia kwa kazi yake. Mtoto wake aliyeandika alijua ni ipi kati ya hizo tatu, kwa hiyo hakuona haja ya kueleza. Waliosoma baadaye hawakujua, wakachagua ile iliyowapendeza. Na Spika, ambaye hakutaka hata shaka ibaki, akalifuta "alikimbia" akaandika "alitoroka".

Nilimweleza haya yote kwa utulivu, yaani kwa utulivu wangu mimi. Akanisikiliza huku akitikisa ufunguo wa gari, kisha akasema kwamba ulimi hauna mfupa lakini wangu naona umeota sarufi. Akasema kitabu kitasomwa mara ya mwisho mwezi wa sita mwaka unaofuata, mbele ya ukoo, palepale kiwandani kwa mchapaji. Kama nina karatasi nilete. Kama nina -ni tu, nibaki nayo.

Ndivyo nilivyoingia katika jumba la nyaraka, na nimeingia humo siku arobaini na mbili kwa hesabu ya kitabu cha wageni. Ni chumba kirefu chenye madirisha ya juu juu, meza sita, na feni inayolia kama inaonewa. Msimamizi wake ni mwanamama mmoja mwembamba ambaye mimi nilimwita Bi Penseli, kwa sababu mlangoni hunyang'anya kila mtu kalamu ya wino na kumpa penseli fupi kama kidole. Humruhusu mtu faili moja tu kwa wakati, na ukilamba kidole ili ufunue ukurasa anakohoa kwa namna ambayo hutarudia. Tuligombana siku tatu za kwanza. Siku ya nne akaniletea stuli ya kuwekea miguu, nikajua nimepata rafiki.

Kumbukumbu zenyewe ziliandikwa kwa lugha ya wenye jeshi, lugha ambayo nilijifunza kwa kamusi na kwa hasira. Nikaomba daftari la watoro. Miezi miwili nililisoma, mstari kwa mstari, majina mia tisa na zaidi, na Mkimbia hayumo. Nikaanza upya nikidhani nimemruka. Ndipo Bi Penseli akaja akasimama pembeni, akaniuliza kwa nini namtafuta mzee wangu kwa watoro. Akasema watu wengine wote huanza na daftari la walioandikishwa, kisha hufuata mtu mpaka mwisho wake. Mimi peke yangu ndiye aliyemwona ameanzia kwenye hukumu. Nikalifunga daftari, dada, nikamrudishia. Utaelewa mwishoni mwa barua hii kwa nini nilianzia huko.

Basi nikaanza mahali pa kuanzia. Na yumo! Aliandikishwa akiwa na miaka ishirini hivi, mrefu, ana kovu la nyusi. Aliitwa kwa jina lake la kuzaliwa mwaka mzima wa kwanza. Mwaka wa pili jina linaanza kufuatwa na jingine kwenye mabano, Mkimbia, na mwaka wa tatu karani wa kambi amechoka kuandika yote mawili, ameacha Mkimbia peke yake. Angalia hapo: jina la Mkimbia lina umri wa miaka mitano kabla ya siku ya mizinga. Mtu hapewi jina la utani kwa kosa ambalo atalifanya baada ya miaka mitano.

Lakini kwa nini Mkimbia? Jibu lilitoka mahali ambapo nisingetazama kamwe. Bi Penseli aliniletea daftari la stoo, la mavazi na vifaa, akisema siku nyingine ukimkosa mtu kwenye vita humpata kwenye viatu. Askari wa kikosi kile walipewa makubazi jozi mbili kwa mwaka. Mkimbia mwaka ule alipewa jozi kumi na tatu. Nilidhani ni mwizi, nikakaa na aibu yangu siku nzima. Kesho yake nikaona kwamba kuna wengine wawili wenye viatu vingi hivyohivyo, na pembeni mwa majina yao yote matatu karani ameandika kazi yao. Walikuwa wapeleka barua wa kikosi. Hawakubeba bunduki, walibeba mkoba. Ile hadithi ya kutupa bunduki akakimbia, dada, bunduki yenyewe hakuwa nayo!

Taarifa ya siku ya mizinga niliipata mwezi wa pili mwaka huu. Iliandikwa na mkuu wa kikosi kilichokuwa mjini, na haikuandikwa kwa majivuno kwani ilikuwa taarifa ya makosa. Wapiganaji waliokuwa wakitafutwa walikwisha kuondoka usiku uliotangulia, na mtaa uliokuwa ukipigwa na mizinga kutoka kilimani ulikuwa na wanawake, watoto na wazee waliojifungia ndani. Mkuu aliandika amri mizinga ikome. Akamtuma mpeleka barua wa kwanza, hakufika. Wa pili, hakufika. Wa tatu alikuwa Mkimbia. Taarifa inasema alipita uwanja wa wazi kwa mbio, risasi za jeshi lenyewe zikitoka pande zote mbili, akafika kilimani, na mizinga ikanyamaza saa nne na nusu asubuhi. Akarudi na jibu kwa njia ileile. Mbona hakubaki kule juu akapumzika? Kwa sababu jibu lilipaswa kurudi, ndiyo kazi yake. Alipigwa risasi ya paja akaanguka kwenye ukuta wa nyumba moja katika mtaa uleule alioupigania ukimya.

Mimi sitamvika joho jeupe. Jeshi lile lilikuwa jeshi la watu waliokuja na ramani wakazifanya haki, nimeandika hivyo gazetini mara nyingi na nitaendelea kuandika. Kijana maskini aliingia humo kwa sababu alizokuwa nazo, na hakuniachia barua ya kunieleza. Lakini asubuhi ile moja, kati ya watu wote waliokuwa wakifyatua kitu, yeye alikuwa amebeba karatasi inayosema acheni. Kama huo ni utoro, natamani majeshi yote yajae watoro.

Sasa sikia ndoa. Daftari la wagonjwa linasema aliletwa "juu ya ubao wa mlango, akibebwa na wanawake wawili, mama na binti yake, wenyeji wa mtaa uliopigwa". Waling'oa mlango wao, dada. Binti yule ndiye bibi yetu. Alikuja kumtazama mgonjwa kila siku kwa wiki saba, karani wa wagonjwa amemwandika kila siku, mwishoni kwa hasira kidogo. Na miezi minane baadaye, katika daftari la ndoa za askari, kwa ruhusa na sahihi ya mkuu wa kikosi, wameandikwa mume na mke. Aliolewa. Nilikaa na ukurasa ule mpaka Bi Penseli akaja kuona kama nalamba kidole, akakuta sina hali, akanipa leso yake mwenyewe.

Lakini chini ya ukurasa ule kulikuwa na mstari mmoja zaidi, na huo ndio ulioniinua kwenye stuli. Karani ameandika kwamba mke wa kwanza yupo mbele yake, ameridhia, naye ndiye shahidi. Pembeni ameweka alama ya dole gumba. Ilikuwa safi kabisa, na katikati yake kulikuwa na mstari mweupe umekata kutoka juu hadi chini, kama kovu.

Niliomba nakala zenye mhuri za kila kitu. Nikafuata na wazao, mmoja baada ya mwingine, kwenye daftari la familia za askari. Kuna jambo nililigundua humo ambalo nililikunja likakaa mfukoni mwangu miezi mitatu kama pipi.

Jumamosi ya wiki iliyopita ndiyo ilikuwa siku yenyewe. Kiwanda cha mchapaji kina harufu ya wino na karatasi mbichi, mashine kubwa imefunikwa turubai, na viti arobaini vilipangwa kati ya marobota ya karatasi. Sisi Wengineo tulikuwa sita, na kama unavyodhani, tuliwekewa benchi kando ya mlango. Shangazi yetu wa Nyumba Kubwa, yule mwenye miaka tisini na zaidi, alikuwa mbele kabisa na blanketi miguuni. Spika alisoma dibaji bila kipaza sauti na madirisha yalitikisika. Alipofika "alitoroka vita", nikanyoosha mkono. Akasema koma zitasahihishwa mwisho. Watu wakacheka. Nikasema hii si koma, hii ni nukta, nikatembea mpaka mbele na mkoba wangu.

Nilizungumza dakika arobaini. Wifi yako anadai zilikuwa tisini, lakini yeye alikuwa amekaa kwenye benchi. Nikawapa jina lililotangulia vita kwa miaka mitano. Nikawapa makubazi jozi kumi na tatu, na fundi viatu mmoja wa Nyumba Kubwa akapiga mluzi, akasema huyo hakuwa mtu, alikuwa baiskeli. Nikawapa taarifa ya mizinga, na hapo hapakuwa na aliyecheka. Spika akasema hayo ni mazuri lakini hayabadilishi mpango wa kitabu, kwa sababu waliozaliwa kabla ni wa kabla na waliozaliwa baada ni wa baada. Nikamshukuru kwa dhati, maana alikuwa amenipa ufunguo mkononi. Nikatoa karatasi yangu ya pipi. Nikamwuliza babu yake yeye, kitindamimba wa mke wa kwanza, alizaliwa lini. Hakujua. Nikamsomea: miaka miwili na mwezi mmoja baada ya siku ya mizinga.

Dada, ningetoa mshahara wa mwaka ili uone. Yule mtu ambaye sauti yake hufika barabara ya pili alifungua mdomo na mdomo ukakaa wazi, tupu. Kwa sheria yake mwenyewe, aliyoitunga na kuichapisha, Spika ni damu ya mtoro. Nafasi yake ni chini ya mstari, kati ya mimi na wewe, kwa alfabeti. Nikamwambia karibu sana, benchi linatosha, ajihadhari tu na mlango. Ukumbi ulilipuka. Kuna mzee aliyecheka mpaka akaomba maji.

Lakini aliyemaliza kazi si mimi. Shangazi aliinua mkono akaomba aletewe ule ukurasa wa ndoa. Akausogeza karibu na miwani, akaweka kidole chake juu ya alama ile. Kisha akasema dole gumba hili analijua. Bibi yake, yaani huyu mke wa kwanza, alijikata na panga akiwa msichana, kovu likabaki katikati ya dole, na kwa dole hilohilo, akasema Shangazi, amemvuta sikio mara zisizo na idadi. Akasema tangu anapata akili hakuwahi kumsikia bibi yake akimwita bibi yetu mke mwenza. Alimwita mwenzangu. Wao watoto walidhani ndilo jina lake. Halafu akageuka, akamwambia Spika kwamba yeye amekaa mbele miaka yote hii, na sasa anaona aibu ya kiti. Akamwamuru aende akachukue viti sita avilete mbele, kwa mikono yake mwenyewe, na cha saba akiweke kitupu pembeni yake.

Spika alivileta. Nitamtendea haki: alivibeba viwili viwili bila kunung'unika, na alipoweka kile cha saba alikifuta vumbi kwa kitambaa chake. Shangazi akauliza kwa sauti baba yetu aliitwaje kwa majina yote. Nikayataja yote matatu. Akasema kiti hicho ni chake, na kwamba binti yake aambiwe kimewekwa.

Basi nakuambia, dada. Kimewekwa.

Mchapaji alilifungua bamba la chapa la mti wa ukoo palepale. "Wengineo" limetoka kwa patasi. Nimepewa herufi zenyewe, za madini ya risasi, na ninazo mfukoni, zinagongana nikitembea. Mti sasa una shina moja na wake wawili, mmoja kulia mmoja kushoto, na ukurasa wa kumi na nne unasema alikimbia vitani kupeleka amri ya kunyamazisha mizinga. Nilisahihisha mwenyewe, kwa wino.

Hapa ningefunga barua, na ungebaki unanisifu. Lakini kuna karani mmoja ambaye lazima nimlipe deni lake kwa maneno, na neno hilo nimelibeba miaka arobaini.

Unakumbuka cheti changu cha shule kiliporudi na majina mawili tu, bila Mkimbia. Unakumbuka ulivyovaa viatu vyako vya kazini ukaenda ofisi ya elimu, ukamwita yule karani mla majina ya watu mbele ya foleni nzima, mpaka akasimama akaomba radhi. Umesimulia kisa hicho katika kila harusi. Mimi nami nimeandika makala tatu gazetini dhidi ya makarani wanaokata majina ya watu kwa uzembe.

Karani hakukata kitu. Ni mimi, dada. Nilikuwa na miaka kumi na saba, msimamizi wa mtihani alitupa fomu tujaze, na nilipofika nafasi ya jina la tatu nikasikia lile neno la mtu anayetafuna, nikairuka. Yule maskini aliomba radhi kwa kosa langu, nami nilikuwa nimesimama nyuma yako nikimtazama. Mpiganaji mkubwa wa magazeti, adui wa waoga wote, ndiye mtu pekee wa ukoo huu aliyetoroka kweli. Ndiyo maana nilianzia kwenye daftari la watoro. Spika aliamini kwa kiburi, mimi niliamini kwa aibu, na sijui ipi ni mbaya zaidi.

Baba alijua. Hakunigombeza hata siku moja. Lakini tangu siku ile cheti kilipofika hakuniita tena Koma wala mwanangu. Aliniita kwa majina yote matatu, hata akinituma chumvi. Nilidhani ni hasira. Jumamosi, nilipokuwa nikiyataja majina yake mbele ya kile kiti, ndipo nilipofahamu kwamba alikuwa ananitunzia la tatu lisipotee, mpaka nitakapokuja kulichukua.

Nimelichukua. Jumatano nilikwenda kwa msajili, nikala kiapo, nikajaza fomu kwa herufi kubwa. Kwenye nafasi ya sababu ya mabadiliko nikaandika: kosa halikuwa la karani. Binti wa dirishani alisoma, akanitazama, akasema ni mara ya kwanza kumwona mteja wa namna hiyo, akapiga mhuri mara mbili kwa furaha.

Sasa nitukane unavyotaka, nastahili, ila njoo unitukane hapa. Uzinduzi wa kitabu ni mwezi ujao, Shangazi amesema haanzi bila wewe, na Spika ameahidi kukupokea kituoni na kubeba mizigo. Magoti yasiwe kisingizio. Utakaa pembeni ya kile kiti kitupu, na mlango uko mbali kabisa.

Msalimie shemeji, na kuku pia. Wapwa zangu waambie waanze kuandika majina yao yote. Wifi yako anasema uje na ile sufuria yake. Nami nakuombea afya, maana ninahitaji uwe na nguvu za kunisamehe.

Ni mimi mdogo wako, ambaye ulimpigania kwa kosa lake mwenyewe,

Koma,
na kwa jina la tatu, Mkimbia